Mpaka Ziishe Nini?

Benchi letu limeona mengi kuliko sisi tunaolikalia. Zamani lilikuwa ndani ya studio ya picha, na mtaa mzima umelikalia: waliofunga ndoa, waliomaliza shule, watoto waliolia mpaka picha zikatoka wamefumba macho. Studio ilipofungwa, mahali pake pakawa duka la makava ya simu, na mwenye duka akalitupa benchi nje. Mimi nikaleta jiko langu na birika la kahawa, nikaweka kambi. Yule aliyekuwa mpiga picha bado analikalia kila alasiri, na tunamwita Cheka Kidogo, kwa sababu miaka thelathini hakumwambia mteja neno lingine. Ubavuni kwake hukaa Faili, karani mstaafu wa hospitali, ambaye hadi leo anaongea kama yuko dirishani na wewe uko foleni. Wa tatu ni Kinyozi, ambaye saluni yake iko hatua kumi kutoka hapa. Mimi naitwa Buli. Sina subira na mtu anayeshika kikombe kimoja saa nzima, na hao watatu wote ndivyo walivyo, basi nifanyeje.

Jumatano hiyo Kinyozi alikuja amevaa koti lake jeupe la kazi, nywele za mteja bado ziko begani. Hakuagiza kahawa. Akatoa mfukoni boksi dogo la dawa, akaliweka juu ya goti la Faili.

Kinyozi: Soma hapo palipoandikwa kwa kalamu.

Faili: Subiri. Miwani. Haya. "Kimoja kila siku baada ya kula, mpaka ziishe." Sasa tatizo lako nini?

Kinyozi: Mpaka ziishe nini?

Faili: Mpaka ziishe... Rudia swali.

Hapo lazima nieleze. Kinyozi ana binti mmoja, wa miaka kumi na tisa, amemlea peke yake tangu mama yake alipofariki. Mwaka jana chunusi zilimlipuka yule mtoto, zikaanza kidevuni, zikapanda mashavuni, zikahamia kwenye paji la uso. Si vile vipele vya kuja na kuondoka, la, mavimbe yanayouma. Akapelekwa hospitali, akapewa krimu ya kupaka na antibiotiki za kumeza. Na Jumatatu inayokuja anatakiwa aripoti chuo cha ualimu, nafasi aliyoisotea miaka miwili. Sasa amegoma. Anasema hasimami mbele ya darasa na uso ule, afadhali nafasi apewe mwingine.

Kinyozi: Vimebaki vidonge viwili tu. Kanituma nikamnunulie boksi jingine. Ananiambia, Baba, imeandikwa mpaka ziishe, na chunusi bado hazijaisha. Nimefika mlangoni pa duka la dawa, miguu ikakataa kuingia.

Mimi: Si ameambiwa mpaka dawa ziishe? Dawa! Wewe nawe kitu kidogo unataka mkutano.

Faili: Tulia, Buli. Hili suala linahitaji utaratibu. Kidonge kinaisha, vidonge vinaisha. Angetaka vidonge angeandika "viishe." Huyu kaandika "ziishe." Kwa hiyo anazungumzia chunusi.

Mimi: Na dawa je? Dawa inaisha, dawa zinaisha!

Faili: Dawa gani zinazoisha duniani? Dawa zipo tele.

Cheka Kidogo: Labda siku. Siku nazo zinaisha.

Faili: Wewe kunywa kahawa.

Cheka Kidogo: Nasema tu. Au nguvu. Meza mpaka nguvu ziishe.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa anasugua kidole gumba juu ya lile boksi.

Kinyozi: Nilichotaka kujua ni hiki: antibiotiki ni dawa ya ugonjwa mkubwa. Ya mapafu, ya vidonda. Inakuwaje mtu anaimeza miezi na miezi kwa ajili ya chunusi?

Faili: Nitakueleza. Nimekaa na madaktari miaka ishirini na sita.

Mimi: Umekaa na mafaili yao.

Faili: Chunusi ni foleni. Ndani ya ngozi kuna vijidirisha. Mafuta yanakuja, yanakuta dirisha limefungwa, yanasubiri. Yakisubiri sana wanakuja wadudu, kama wale wauza karanga wanaofuata foleni. Fujo inaanza, uso unavimba. Ile dawa ni askari. Anaingia, anafukuza wauza karanga, fujo inatulia.

Nilishangaa. Mara moja katika maisha yake Faili alikuwa amesema kitu kinachoingia akilini. Nikamwongezea kahawa bila kuombwa. Kosa langu, maana Cheka Kidogo akaona wivu.

Cheka Kidogo: Foleni gani! Ni mwanga. Zamani mtu alipigwa taa mara moja kwa mwaka, hapa hapa kwenye benchi hili, akaenda zake. Mtoto wa leo anajimulika na simu mara mia kwa siku. Ngozi inaiva.

Mimi: Inaiva kama ndizi?

Cheka Kidogo: Kwani ndizi inaivaje?

Mimi: Sisi tuliambiwa chunusi ni kupendwa. Ukipata moja, kuna mtu anakuwaza. Mbili, wanakuwaza wawili.

Faili: Basi Kinyozi alipendwa na nchi nzima.

Hapo tukacheka hata Kinyozi mwenyewe, maana uso wake hadi leo una mashimo ya ujana, na wembe wake mwenyewe unajua pa kupita.

Cheka Kidogo: Mnacheka, lakini mnajua kwa nini zinaitwa chunusi? Chunusi si yule wa majini? Anayewavuta waogeleaji miguu? Ndiye huyo huyo. Amekosa mito ya kukaa, mito imekauka, sasa anaingia kwenye mabomba. Mtoto ananawa uso bombani asubuhi, anamkaribisha mwenyewe.

Faili: Kwa hiyo antibiotiki inaua jini?

Cheka Kidogo: Haimuui. Inamzubaisha.

Mimi: Toka hapa! Rudisha kikombe changu.

Lakini mazungumzo yakishafika kwenye chunusi, wazee hawawezi kukaa na ya leo. Faili akaegemea ukuta, akatazama juu, sauti ikabadilika.

Faili: Mnaikumbuka rangi mbili?

Jamani, rangi mbili! Nani wa umri wetu asiyeikumbuka? Kile kidonge cha kapsuli, nusu rangi hii, nusu rangi ile. Ulikuwa huhitaji kujua jina lake. Unakwenda dukani, kati ya sabuni na mafuta ya taa, unasema nipe rangi mbili, unapewa moja imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ukikohoa, rangi mbili. Tumbo, rangi mbili. Ukijikata na panga unaifungua, unanyunyizia unga wake kwenye kidonda, halafu unakunja uso kiume. Mimi niliwahi kutunza moja ndani ya kiberiti wiki nzima, nikisubiri jino liume.

Kinyozi: Mimi nilikuwa nameza kwa ajili ya dansi.

Faili: Dansi?

Kinyozi: Dansi la Jumamosi, pale ukumbini. Nilikuwa na uso kama mlivyouona. Nilimeza moja saa sita mchana, nikiamini hadi jioni nitakuwa laini. Siku nyingine hatukuwa na za kutosha, tukagawana na Buli.

Mimi: Usinitaje!

Kinyozi: Tukagawana. Tukaitenganisha katikati. Yeye akachukua upande mwekundu, mimi upande wa njano. Buli akasema mwekundu ni wa damu na wa njano ni wa usaha, na kwa kuwa mimi nina usaha, nichukue wa njano.

Cheka Kidogo alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Sawa, nilisema hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilisema kwa uhakika wa profesa. Kumbe ganda lote ni rangi tu, unga ni ule ule. Niliujua ukweli nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na sikumwambia mtu.

Faili: Na jioni ikawaje?

Kinyozi: Jioni chunusi zikawa zile zile, na tumbo linaunguruma. Nikajipaka poda ya dada yangu. Nikaingia ukumbini mweupe kama nimetoka kwenye unga. Kulikuwa na joto, nikaanza kutoka jasho, poda ikachuruzika mpaka kwenye kola. Na ndipo akaja yeye.

Hakuna aliyeuliza yeye nani. Tulimjua wote, marehemu mkewe, alikuwa binti wa nyumba ya tatu kutoka hapa.

Kinyozi: Akanipa leso yake. Akaniambia, futa huo unga, nataka nijue nacheza na nani.

Faili: Lo. Yule alikuwa na maneno.

Cheka Kidogo: Na kicheko. Alikuwa akicheka upande ule wa barabara, mimi niko kwenye chumba cha giza nasafisha picha, namsikia.

Faili: Na mwanya wake. Nilimfungulia faili la kliniki alipokuwa na mimba ya huyu binti. Nikamwuliza umri, akaniambia andika wa kwako toa kumi.

Mimi: Kahawa bila sukari. Kila jioni akitoka kazini, anakunywa kwa mikupuo miwili, anarudisha kikombe kimepinduliwa. Mpaka leo nikikuta kikombe kimepinduliwa roho inanishtuka.

Cheka Kidogo: Nilimpiga picha papo hapo unapokaa wewe, Kinyozi. Nilitumia picha nne kupata moja, kila nikibonyeza anatikisika kwa kicheko. Nikamwambia cheka kidogo, akasema hajui kucheka kidogo.

Tulikuwa tumefurahi. Nasema kweli, kwa dakika kadhaa pale palikuwa na watu watano. Mimi huwa sipendi mambo ya kukumbukakumbuka, yanapoza kahawa, lakini siku hiyo niliacha ipoe. Halafu Kinyozi akalichukua lile boksi kutoka gotini pa Faili.

Kinyozi: Mnakumbuka alivyolazwa mara ya mwisho? Dawa ya kwanza haikufanya kitu. Wakabadilisha, ya pili nayo haikufanya kitu. Daktari akaniita pembeni akaniambia wadudu hawa wameshazizoea hizi dawa. Nikamwuliza wamezizoeaje, akasema watu wanazimeza hovyo, miaka na miaka, kila mahali. Ya tatu ilipopatikana, mlikuwa mmeshakuja kukaa matanga.

Nikafunika birika, sijui kwa nini.

Kinyozi: Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa hovyo. Nusu njano kwa ajili ya dansi. Sasa nimsimamie mwanangu ameze boksi juu ya boksi? Akija kuugua kweli, atabakiwa na nini? Na nikikataa, Jumatatu haendi chuo, na nitakuwa nimemfungia mlango mimi baba yake. Niambieni. Si mnajua kila kitu?

Faili akanyoosha mkono, akaomba boksi tena, safari hii taratibu. Akalifungua, akachungulia ndani, akaingiza vidole viwili. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imebanwa nyuma ya vidonge.

Kinyozi: Hiyo niliiona. Mwandiko wa daktari, nani atausoma?

Faili: Nani atausoma! Kwani mimi nilikuwa nafanya kazi gani?

Akaikunjua juu ya paja, akaisogeza karibu na pua. Midomo ikawa inacheza.

Faili: Vidonge pamoja na krimu, wiki kumi na mbili. Ndiyo, kumi na mbili. Arudi kliniki tuone hali. Kisha vidonge visimamishwe, aendelee na krimu. Asiongeze vidonge bila kuonwa. Na amepigia mstari. Tarehe ya kurudi ni kesho. Alhamisi.

Cheka Kidogo: Siku! Nilisema siku! Mpaka siku ziishe! Mkaniambia ninywe kahawa!

Kinyozi: Kesho? Mbona hakuniambia?

— Kwa sababu nilijua.

Sauti ilitoka nyuma yetu. Tukageuka wote wanne kama watoto waliokutwa jikoni. Binti wa Kinyozi alikuwa amesimama kwenye kona ya duka la makava, amejifunga mtandio hadi chini ya macho, alasiri ile ya joto. Sikuwa nimemwona mtaani kwa miezi. Hatukujua amesimama pale tangu lini.

Binti: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba kwa pamoja, kila mtu akitafuta pa kuweka macho.

Kinyozi: Ulijua nini, mwanangu?

Binti: Kwamba kesho daktari atavisimamisha. Aliniambia siku ya kwanza, miezi mitatu basi, zaidi ya hapo wadudu wanazoea. Nilielewa vizuri. Lakini zimepungua nusu tu, Baba. Nikasema nikipata boksi moja la ziada, labda hiyo nusu nyingine itaondoka kabla ya Jumatatu.

Kinyozi: Ukanituma mimi.

Binti: Ungejua ungekataa.

Hakusema kwa ujeuri. Alisema akiangalia viatu vyake. Baba yake akainuka, akamfuata, akasimama karibu naye bila kumgusa.

Kinyozi: Mimi nilikuwa na mbaya kuliko hizo. Nitazame. Nimeishi, nimeoa, nimekupata wewe.

Binti: Wewe ni mwanamume, Baba. Wewe uso wako ni wa kazi. Mimi kila asubuhi naamka namkuta Mama ukutani, kwenye ile picha. Hana hata alama. Miaka kumi na tisa, sawa na mimi sasa hivi, hana hata kidoa. Kila mtu anasema nimefanana naye. Wanakuja wageni, wanaangalia picha, wananiangalia mimi, wananyamaza.

Cheka Kidogo akakohoa. Nikadhani kahawa imempalia. Akaweka kikombe chini ya benchi, akajifuta mikono kwenye suruali.

Cheka Kidogo: Ile picha niliipiga mimi, mwanangu.

Binti: Najua.

Cheka Kidogo: Unajua tu nani kapiga. Nisikilize. Nilikuwa na penseli. Penseli laini, nimeichonga mpaka ikawa kama sindano. Kabla sijasafisha picha ya mtu nilikaa na ile filamu juu ya kioo chenye taa, nikapitisha penseli usoni. Kipele, napitisha, kinatoweka. Kovu, napitisha. Ndiyo ilikuwa kazi. Hakuna uso uliotoka kwenye studio yangu kama ulivyoingia. Mtaa mzima huu ulivyo kwenye albamu, ni mkono wangu.

Kinyozi: Hata ya mke wangu?

Cheka Kidogo: Ya wote, ndugu yangu. Hata asiye na kitu nilimpitishia kidogo, mkono ulikuwa umezoea. Hukuwahi kuniuliza.

Kinyozi akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Yule binti naye akasogea hatua mbili mpaka akafika mbele ya benchi. Mtandio ulikuwa umelegea upande mmoja na hakuurekebisha.

Binti: Kwa hiyo Mama alikuwa nazo?

Swali dogo tu. Cheka Kidogo akafikiri, akatikisa kichwa.

Cheka Kidogo: Mwanangu, nisikudanganye. Nakumbuka kila mara aliyotikisika. Hilo silikumbuki.

Binti: Mjomba?

Mjomba ni mimi, ndivyo anavyoniita tangu utoto. Nilifumba macho, wallahi nilijitahidi. Nikamwona anakuja kutoka kazini na mwendo wake wa haraka, nikaona mwanya, nikaona vidole vimeshika kikombe changu. Nikajaribu kumtazama shavuni. Sikuona kitu, wala upele wala ulaini. Nikamwambia sijui. Faili, ambaye anakumbuka namba za mafaili ya watu waliokwisha kufa, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akasema hata yeye hajui.

Binti akamgeukia baba yake.

Binti: Wewe ulilala naye nyumba moja miaka yote hiyo. Alikuwa nazo au hakuwa nazo?

Niliona Kinyozi anavyotafuta, jicho linakwenda huku na huku. Huyu ni mtu anayeishi kwa kutazama nyuso. Mteja akikaa kwenye kiti chake anajua upele wake uko wapi kabla hajawasha mashine.

Kinyozi: Nilimtazama kila siku, mwanangu. Kila siku ya Mungu.

Binti: Ndiyo. Na?

Kinyozi: Sikumbuki.

Binti akatutazama mmoja mmoja, wanaume wanne wazima tuliokuwa tunamsimulia mama yake kama tumeachana naye jana. Kisha akavuta mtandio, akauteremsha mabegani, akakaa kwenye nafasi aliyoiacha baba yake.

Binti: Kesho twende mapema, Baba. Ile foleni ni ndefu.